Yule bibi na vitumbua kumi na saba

Kazi yangu ya kwanza kwenye filamu ilikua kuangalia DVD za Kinaijeria nikiwa na daftari mapajani. Mwaka 2009 hapo, ofisi ipo Kinondoni, chumba kimoja kina tv ya chogo na deki, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na rimoti, naangalia dakika mbili nasimamisha naandika, naangalia tena dakika mbili nasimamisha naandika. Sini ya kwanza sebuleni, mke anamgombeza hausigeli. Sini ya pili mume yuko ofisini anapigiwa simu. Chifu wao nambadilisha anakua mzee tajiri wa Mbezi Beach, mganga wao namfanya ametoka Sumbawanga, Lagos inakua Dar, naira zinakua milioni za kwetu. Siku tatu skripti imekwisha, napokea changu naenda.

Niliandika tisa za hivo. Zote tisa zikachezwa, zikawekewa kava, zikaingia Kariakoo sehemu ya kwanza na sehemu ya pili kama ilivokua desturi, na watu wakanunua. Sitaki kuwasema vibaya niliofanya nao kazi, manake nawajua walivokua wanahangaika, filamu nzima ya masaa mawili inatakiwa ipigwe kwa siku chache, nyumba imekodiwa kwa siku, kamera imekodiwa kwa siku, na yule anaekuja kununua kazi anaangalia kwanza nani yupo kwenye kava kabla hajauliza stori inahusu nini. Prodyuza aliniambia, "Dada, mteja anataka kitu anachokijua." Nilikua na miaka ishirini na tano, nilimwamini.

Sasa kuna siku tukawa tunapiga sini za uswahilini. Zilikua chache tu, manake steringi alikua ametoka familia masikini na inabidi waonyeshwe kidogo kabla hajahamia kwenye masofa. Tukaenda Tandale tukaomba uwanja kwa bibi mmoja, mtu mzima wa miaka sabini hivi, akakubali, tukampa chochote kitu, akavuta kigoda akakaa pembeni anatuangalia. Sini yenyewe: mama anaambiwa mtoto wake amefariki kwa ajali. Kwenye skripti nilikua nimeandika kama nilivoikuta kwenye DVD, "Mama anapiga yowe, anajitupa chini, anagaagaa, anararua nguo." Dada aliekua anaigiza mama akalia mara ya kwanza, dairekta hajaridhika, mara ya pili jenereta la jirani likawaka, ya tatu, ya nne, mpaka sauti ya yule dada ikawa imekauka na magoti yamechubuka.

Ndo yule bibi akaniita, manake mimi ndo nilikua karibu nae nimeshika makaratasi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu kafiwa na nani?" Nikamwambia mwanae bibi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nimezika wawili. Saa hiyo halii huyo. Saa hiyo bado hajajua."

Nikachuchumaa pale pale, akanihadithia. Mwanae alikua utingo wa fuso, ajali ikatokea huko barabarani usiku, asubuhi wakaja kumwambia. Yeye yuko uani anapika vitumbua vya kuuza. Akawaona wanaume wanaingia, saa za watu kwenda kazini, na wameingia wamenyamaza bila hodi, akajua kuna kitu. Wakamwambia. Akawaambia kaeni. Alafu akaendelea na vitumbua. Chuma kilikua motoni na unga umebaki kwenye bakuli, akamimina, akavigeuza, akatoa, akamimina tena mpaka unga ukaisha, akazima moto, akavipanga kwenye beseni, akavihesabu. Akaniambia, "Vilikua kumi na saba. Mpaka leo navikumbuka. Nilipomaliza kuhesabu ndo nikakaa chini."

Mimi nilikua nimeshika karatasi yangu iliyoandikwa anagaagaa. Nikaenda kumwambia dairekta, bahati nzuri nae alikua ameshachoka, akasema haya tujaribu mara moja tu. Tukaazima chuma kwa bibi mwenyewe, moto ukawashwa, yule dada akapika. Hakua na la kuongea. Anageuza kitumbua kwa kijiti, wale wanaume wamekaa kwenye benchi wanamuangalia, mafuta yanachemka, na anahesabu kwa kidole bila sauti. Uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto waliokua wanachungulia ukutani. Kameramani alipozima kamera alitoka nje akakaa huko peke yake.

Niliiona ile sini tena mara moja tu, kwenye kompyuta ya edita. Baadae ikatolewa. Aliekua ananunua kazi alisema watazamaji watajiuliza huyu mama mbona hana uchungu, likarudishwa lile yowe la mara ya nne. Eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia picha, ilivojaa vikafutwa vilivobaki. Niliumia, na hadi leo nikiongea inaniuma, kwasababu kwenye zile filamu tisa ile dakika mbili ndo ilikua peke yake ambayo hakuna mtu mwingine duniani alikua nayo.

Nikaacha. Nikajiapiza kwamba sikopi tena na kwamba nikiandika nitaandika stori ambayo haijawahi kuwepo kabisa. Hapo ndo nilikosea mara ya pili, na hili kosa lilinichukua muda mrefu kuliko lile la kwanza. Miaka miwili nimekaa natafuta stori mpya. Nikaandika kuhusu kijiji ambacho watu hawalali. Nikaandika kuhusu mwanaume anaeamka kila siku na sura ya mtu mwingine. Nilikua nikipata wazo naingia intaneti kuangalia kama kuna mtu ameshalifanya, nikikuta lipo naliacha, nikikosa nafurahi. Nikampelekea mmoja wa watu niliokua nawaheshimu kwenye hii kazi skripti ya kijiji, akaisoma yote, akaniambia, "Ni mpya kweli. Ila sijaona mtu humu ndani." Nilichukia wiki nzima. Alikua sahihi. Kile kijiji sikuwahi kukaa, wale watu sikuwahi kula nao, sikujua kwao ugali unapikwa saa ngapi.

Aliyenitoa hapo ni mama yangu, na hakujua kama ananitoa. Sisi ni watu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na mama enzi za usichana wake walikua wanaenda sinema ya Majestic na dada zake kuangalia picha za Kihindi, wanavaa wanajipamba, ikiisha wanarudi kwa miguu wanaimba zile nyimbo hawajui hata maana yake. Sasa nikiwa nyumbani likizo nikamuuliza picha gani anaikumbuka kuliko zote, akasema bila kufikiri, Sholay. Nikasema sawa, kila mtu wa umri wake anaitaja hiyo, nikategemea aniambie Gabbar Singh yule jambazi na watu walivokua wanamuogopa. Hakusema hivo. Akasema, "Yule mjane anaezima taa."

Kama hujaiona, kuna mwanamke mjane kwenye ile picha, amevaa nyeupe, kila jioni anapita kibarazani anazima taa moja moja, na ng'ambo ya ua amekaa Amitabh Bachchan anapiga kinanda cha mdomo. Hawaongei. Anazima taa anaingia ndani. Basi. Mama yangu Kihindi hajui hata neno, na miaka zaidi ya thelathini ilikua imepita, akanionyesha kwa mkono pale jikoni yule mwanamke alivokua anazima. Akasema yeye na dada zake waliporudi siku ile hawakuimba.

Nikaenda kuisoma habari ya ile filamu, ndo nikakuta jambo lililonichanganya. Sholay ni ya 1975, na stori yake sio mpya hata kidogo. Watu wanakodiwa kuja kukiokoa kijiji na majambazi, hiyo ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya 1954, na ule upigaji picha wake wenye mawe na farasi na vumbi umetoka kwenye picha za kauboi za Mtaliano Sergio Leone. Lakini watu wengi India hawaioni Sholay kama kopi, iliwekwa kwenye ukumbi mmoja wa Mumbai zaidi ya miaka 5 watu bado wanaenda.

Nikazidi kuchimba. Huyo Leone nae, picha yake ya 1964 iliyomtoa Clint Eastwood, A Fistful of Dollars, aliichukua kutoka Yojimbo ya Kurosawa ya 1961. Na hakuokota kawazo tu, ni stori yote: mtu asie na kwao anafika kwenye mji wenye magenge mawili, anajiuza huku na kule mpaka wanamalizana. Wajapani walilalamika kisheria, na mwisho wakapewa asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima pamoja na haki za kuisambaza kule kwao. Kwahiyo ililipiwa, na mimi naona ilikua haki ilipiwe. Lakini kaa uziangalie zote mbili usiku mmoja kama nilivofanya mimi. Utaona zile sura za Leone alizozisogelea mpaka unaona jasho kwenye kope, ule ukimya mrefu kabla ya risasi, ule mluzi kwenye muziki wa Ennio Morricone. Hakuna hata kimoja kati ya hivo kilichotoka Japani. Na Kurosawa mwenyewe alikua anampenda sana John Ford, Mmarekani wa picha za kauboi, yaani hiki kitu kilienda kikarudi kikaenda tena.

Hapo ndo nilielewa kitu ambacho nilitakiwa nikielewe siku ile Tandale. Kuna maswali mawili na mimi nilikua nayafanya moja. La kwanza ni je, umechukua cha mtu? Hilo ni la haki, ujibu na ulipe. La pili ni je, kuna kitu humu ndani ambacho wewe ndo umekileta? Picha inaweza kushindwa swali la kwanza ikashinda la pili, kama ya Leone. Na kijiji changu cha watu wasiolala kilishinda la kwanza vizuri kabisa, hakuna mtu angenidai hata shilingi, na la pili kikawa sifuri. Zile tisa zangu za Kinondoni zilishindwa yote mawili, ukiacha dakika mbili.

Nikaanza kuangalia upya vitu nilivovikimbia. Chukua mapenzi. Kwenye skripti zangu watu walikua wanaambiana nakupenda kuliko kitu chochote duniani, siwezi kuishi bila wewe, wanaangaliana machoni wanasema. Mimi nyumbani kwetu sijawahi kumsikia mama akimwambia baba hivo hata siku moja. Alichokua anasema ni "maji yako yanapoa", na kuna namna alikua anaisema, sisi watoto tunajua leo hawa wamepatana. Au ugomvi. Kwenye filamu zetu mawifi wanagombana wanarushiana maneno mpaka majirani wanakuja. Mama na shangazi yangu waliwahi kugombana wiki mbili nzima na sikusikia neno, walikua wanavaliana kanga. Shangazi kaja asubuhi na Hasidi hana sababu, anapita ukumbini mara tatu hana anachotafuta, mama anainuka kimya anaingia chumbani, anatoka amevaa yake. Baba anasoma migongo ya watu wawili anajua nyumba imefika wapi. Wewe niambie ni filamu gani duniani ina ugomvi kama huo, na sisi tumekua nao ndani ya nyumba tukaona hautoshi, tukaenda kuchukua makofi ya watu.

Alafu kuna banda la video. Nimekulia humo, benchi za mbao, giza, joto, na sauti ya Lufufu inatafsiri picha ya Kichina kwa Kiswahili. Wa rika langu wanaijua ile sauti. Hakua anatafsiri tu, alikua anaongeza vyake, anamsema muigizaji, anakuonya kabla adui hajatokea. Sisi tulivoanza kutengeneza filamu tuliona ile ni sehemu ya ushamba wetu, kitu cha kuacha nyuma. Kule Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana hakuiacha. Waganda wana watu wao kama Lufufu, wanawaita ma-VJ, na yeye alipotengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010, bunduki za mbao na vyuma chakavu, waigizaji vijana wa mtaani, akamuweka VJ Emmie aongee juu ya picha ndani ya filamu yenyewe. Yaani banda la video limo ndani ya picha. Dunia nzima ikamtafuta, watu wanatoka Ulaya na Marekani wanaenda Wakaliga kucheza. Nilipoiona mara ya kwanza nililia, nasema kweli, kwasababu nilikua naisikia sauti ya banda letu la Ngamiani na nilikua nayo miaka yote na sikuiokota.

Kuhusu vifaa sitasema sana. Zilipokuja zile kamera za Canon za kufifisha nyuma tukafifisha nyuma wote, zikaja droni tukaanza filamu zote juu angani. Vizuri, ila vya dukani kila mtu atavinunua.

Mwaka 2016 nikarudi Tandale. Nilikua na wasiwasi kama bibi bado yupo, nikamkuta, macho yamepungua ila akanitambua kwa sauti. Nikamwambia bibi nataka kutengeneza filamu fupi ya vile vitumbua, ni vyako, ukikataa naacha. Akauliza nitaweka jina lake? Nikasema hapana kama hutaki. Akasema hataki, na la marehemu pia nisiliweke, mengine sawa. Tukaandikishana mbele ya mjukuu wake na nikamlipa, sio nyingi ila nilimlipa yeye kabla sijamlipa mtu wa kamera.

Ilikua dakika kumi na moja. Niligundua kua kukaa ndani ya kitu chako mwenyewe ni kazi kuliko kukopi, manake ukikopi kila swali lina jibu kwenye DVD, mwanamke anasimama wapi, anatoka lini, yote yapo. Hapa kila saa mtu ananiuliza na inabidi niende kwa bibi. Anakaa upande gani wa moto? Upande usiokua na moshi, na asubuhi pale upepo unatoka kwa choo cha jirani. Anavigeuza na nini? Njiti ya baiskeli iliyonyooshwa, sio kile kijiti tulichotumia mara ya kwanza. Wanaume walikaa wapi? Wawili kwenye benchi, mmoja alibaki amesimama. Dada niliempa kuigiza nilimpeleka akakae na bibi siku nne wapike pamoja, siku ya tatu akaacha kuniuliza alie vipi. Tulipika vitumbua kumi na saba, tukavipanga kwenye beseni, akavihesabu, akakaa chini.

Tuliionyesha sehemu ndogo ndogo tu. Mara moja baada ya kuisha mama mmoja wa makamo alinifuata akasema yeye alikua anafua, alimaliza nguo zote akazianika, na soksi akazipanga pea kwa pea. Kijana mmoja akasema baba yake alipoletewa habari ya mdogo wake alichukua nyundo akaenda kugongelea mlango ambao ulikua mbovu tangu mwaka uliopita. Hakuna hata mmoja alieniambia filamu yako ni mpya. Walikua wananiletea vyao.

Nikampelekea bibi. Macho hayaoni vizuri kwahiyo nikamshikia simu karibu kabisa, mjukuu wake akawa anamwambia kinachoendelea, pale ua wako bibi, pale anamimina. Alikaa kimya mpaka mwisho. Nikasubiri. Akaniuliza, "Kwenye beseni mliweka vingapi?"

Nikamwambia kumi na saba bibi, kama ulivoniambia.

Akatikisa kichwa. "Nilipika kumi na saba. Kwenye beseni vilikua kumi na sita." Akanyamaza, anatafuta. "Kimoja nilimpa yule kijana aliebaki amesimama. Yeye ndo alietoka nae kwenye gari. Alikua anatetemeka, nikamwambia kaa, kula kwanza." Akaweka mkono mdomoni. Mjukuu wake akamuangalia, hii hakuwahi kuisikia.

Nikafungua mkoba nikatoa daftari.